Baba anaanguka akiinuka kusali, na mashine inasema presha iko juu

SWALI

Assalaam aleykum mshauri,

Naishi Ujiji na baba yangu, ana miaka 77. Ni mstaafu wa reli. Mama ametangulia mbele ya haki, kwa hiyo nyumbani tupo mimi, baba na wanangu wawili. Baba ana presha ya siku nyingi. Anameza amlodipini na ile dawa ya kukojoa, haidroklorothiazidi, zote asubuhi, na hazijawahi kumsumbua. Mwaka huu mkojo ukaanza kumtoka kwa shida, tukampeleka hospitali, wakasema ni tezi dume, akaanzishiwa kidonge kingine cha kumeza usiku.

Shida yenyewe ni hii. Siku hizi baba akiinuka anapepesuka. Anasema macho yanaingia giza, masikio yanavuma, kisha baada ya muda anarudi sawa. Inamzidi alfajiri. Anatoka kitandani, anakwenda chooni uani, anatawadha, anaelekea msikitini. Na huko msikitini ndiko alikoangukia. Aliinuka kutoka sijda ya rakaa ya kwanza, akasimama, akaenda chini mzimamzima. Paji la uso likachubuka. Waliomleta nyumbani wanasema hakuzimia, au kama alizimia ni kidogo tu. Mara nyingine ilikuwa mchana. Tulikula ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka, akashiba, akakaa barazani. Adhana ya alasiri ilipoita akanyanyuka, nikawahi kumdaka.

Sasa kila mtu ana lake. Jirani yetu ana mashine ya presha, akampima ameketi kwenye kiti, ikasoma 156/82. Akasema presha imepanda, akampa nusu kidonge kutoka kwenye dawa zake yeye. Kaka yangu aliye Dar amepiga simu, anasema dawa za presha ndizo zinazomwangusha mzee, aziache zote. Shangazi anasema hiyo ni presha ya kushuka, kila asubuhi anamkorogea maji ya chumvi ya Uvinza. Wapo na wanaonong'ona kuwa kuna mkono wa mtu. Baba mwenyewe anasema ni uzee, tumwache.

Kuna jambo jingine, sijui kama linahusika. Baba amepunguza sana kunywa maji kwa sababu hataki kuamka usiku kwenda uani. Na Jumatatu na Alhamisi anafunga.

Mimi nimemzuia asiende msikitini. Tangu siku hiyo hasemi nami vizuri. Je, presha yake imepanda au imeshuka? Aache dawa? Na nimekosea kumzuia?

Binti wa Mzee, Ujiji

JIBU

Wa aleykum salaam, binti yangu. Pole kwa kuuguza, na pole zaidi kwa kuuguza huku kila simu inayoingia ina daktari ndani yake.

Kwa ulivyoeleza, presha ya baba yako inapanda na kushuka ndani ya siku hiyohiyo moja. Watu wetu wamezoea kwamba mtu ni wa presha ya kupanda au wa presha ya kushuka, achague moja. Mwili wa mzee haufuati mgawanyo huo. Akiwa amelala au ameketi inaweza kusoma juu, na akisimama ikaporomoka ndani ya dakika moja. Jirani yako hakudanganya, na mashine yake huenda ni nzima. Ila alimpima baba akiwa katika mkao ambao haumwangushi. Hakuna aliyempima akiwa amesimama, na hapo ndipo penye jibu.

Nikueleze kinachotokea. Mtu yeyote akisimama, nusu lita ya damu au hata zaidi inashuka miguuni na tumboni kwa uzito wake tu. Moyo unapata damu pungufu ya kusukuma, presha inaanza kulegea. Kijana hasikii kitu, kwa sababu kwenye mishipa mikubwa ya shingoni na kwenye mshipa mkuu unaotoka moyoni kuna vihisio vinavyopima jinsi mshipa unavyotanuka kila moyo unapopiga. Vikihisi presha inalegea, vinapeleka habari kwenye ubongo, na ubongo unaamuru moyo uongeze mapigo na mishipa ya miguuni na tumboni ijibane. Yote hayo ni sekunde chache, hata kabla hujanyoosha goti vizuri.

Kwa mzee taarifa hiyo inatumwa, ila inafika ikiwa imechelewa, kama treni ya Tabora enzi zile baba yako angali kazini (asinichukie). Mishipa imekakamaa, kwa hiyo vihisio havisikii vizuri mabadiliko. Moyo hauongezi mapigo kwa kasi ya ujanani, na kwa vile kuta zake zimekuwa ngumu, usipojazwa damu ya kutosha nao hausukumi vya kutosha. Figo hazishiki tena chumvi na maji kama zamani. Hata kiu inapungua: mzee anaweza kuwa amekaukiwa maji mwilini na akakwambia kwa dhati kabisa kwamba hana kiu. Presha ya miaka mingi nayo inaongeza ukakamavu wa mishipa, ndiyo maana wenye presha ya kupanda ndio haohao walio hatarini zaidi kushukiwa wakisimama. Si ugonjwa wa ajabu. Kati ya watu waliopita miaka 60, karibu mmoja kati ya watano anayo hali hii, wengi bila kujua.

Kwa hiyo baba akisema ni uzee, ana sehemu ya haki. Lakini mwaka jana pia alikuwa mzee na alikuwa akiinuka bila shida. Kilichoongezeka ni nini? Umekitaja mwenyewe ukakipita: kidonge cha usiku cha tezi dume.

Hukuandika jina lake. Dawa zinazotumika sana kwa shida hiyo, kama tamsulosini, doksazosini na prazosini, zinalegeza misuli kwenye shingo ya kibofu ili mkojo upite. Misuli ya namna hiyohiyo imo kwenye kuta za mishipa ya damu, nayo inalegea. Tamsulosini ni pole kuliko prazosini kwa upande huo, ila baba yako tayari alikuwa na dawa mbili: moja inatanua mishipa, nyingine inatoa maji na chumvi kwa njia ya mkojo. Ya tatu ikaja juu ya hizo. Sisemi kwa hakika kwamba ndiyo iliyomwangusha, maana sijamwona. Nasema ndiyo ya kwanza ambayo daktari atataka kuishika mkononi na kusoma jina lake.

Sasa weka juu yake hayo uliyodhani hayahusiki. Baba anakunywa dawa ya kukojoa huku amepunguza maji. Siku mbili za wiki hanywi kabisa tangu alfajiri hadi magharibi. Kisha tazama saa anayoanguka. Alfajiri mwili umelala usiku kucha, figo zimechuja mkojo (kwa wazee hufanya kazi hiyo zaidi usiku), maji ya mwisho aliyaonja jana jioni, na kidonge cha usiku bado kimo kazini. Anakwenda kuchuchumaa chooni, na kuinuka kutoka kuchuchumaa ni kugumu zaidi kwa presha kuliko kuinuka kitini. Halafu sijda, kichwa kiko chini ya moyo, na mara kiko juu. Mwanangu, ningeshangaa kama asingepepesuka.

Ile ya mchana ni ndugu yake. Mtu akishiba, hasa ugali mwingi, damu nyingi inakwenda kuhudumia tumbo, na kwa mzee mishipa ya kwingineko haijibani kufidia. Presha inashuka ndani ya saa mbili za baada ya kula, aghalabu katika saa ya kwanza, hata akiwa ameketi tu. Hamna haja ya kumnyima ugali wala mgebuka. Mpunguzie tonge, mmgawie mara nyingi zaidi kwa siku, anywe maji kabla ya kula, na baada ya kula asinyanyuke kwa pupa.

Sasa kipimo. Azima mashine ya jirani, iwe ile ya kufunga mkono wa juu. Baba alale chali dakika 5 bila mazungumzo, mpime. Kisha asimame, wewe au mwanao mkubwa mkiwa ubavuni mwake na kiti nyuma yake, mpime tena dakika ya 1 ikifika, na tena dakika ya 3. Mkono uleule, nao ushikiliwe usawa wa kifua. Ukiachwa uning'inie mashine itasoma juu kuliko ukweli. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, hapo hali hii imethibitika. Tuseme amelala 158/84, akasimama ikawa 124/72: ameshuka 34. Hizo ni namba za mfano, zake utaziandika mwenyewe kwenye daftari, pamoja na saa na mkao. Fanya asubuhi kabla hajameza dawa, na siku nyingine baada ya chakula cha mchana. Akianza kuona giza, mkalishe hapohapo, usisubiri mashine imalize. Na isiposhuka ndani ya dakika 3, usikimbilie kusema hana kitu, kwani wapo ambao presha yao hushuka ikichelewa, hata dakika ya 10.

Daftari hilo pamoja na mfuko wa dawa zake zote, maboksi na karatasi zake, na za mitishamba kama zipo, na vidonge vya maumivu vya dukani kama anatumia, ndivyo vya kwenda navyo hospitali. Mzee aliyeshaanguka hasubiri tarehe ya kliniki, nendeni kesho, hata kama hamjapata mashine. Kituo cha afya kilicho karibu kitawatosha kwa kuanzia, na wakiona haja watawapa rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa, Maweni. Ulizieni dirisha la wazee msipange foleni ya wote. Mwambie daktari maneno haya kabla ya mengine yoyote: "Anaanguka akisimama, na ilianza baada ya dawa hii." Mwombe ampime amelala na amesimama mbele yako. Inafaa pia apimwe wingi wa damu, sukari, figo na chumvi za kwenye damu, kwa sababu haidroklorothiazidi kwa wazee inaweza kushusha sodiamu, na hiyo peke yake inaleta kizunguzungu na kuchanganyikiwa. Kipimo cha umeme wa moyo kisisahaulike.

Daktari ana njia nyingi: kubadilisha saa ya kumeza, kupunguza kipimo, kuondoa moja, kuweka ya aina nyingine. Kazi hiyo mwachieni yeye. Kaka yako anayo hoja, dawa zinahusika, lakini amri yake ya kuacha zote ni mbaya. Presha ikiachwa ijiendee, kiharusi kinabisha hodi, na isitoshe presha isiyotibiwa inazidisha hukuhuku kushuka akisimama. Zipo pia dawa, atenololi ikiwa mojawapo, ambazo kuziacha ghafla ni hatari kwa moyo. Jirani naye mshukuru kwa mashine, ila kidonge chake abaki nacho. Nusu ya dawa usiyoijua, juu ya tatu ambazo tayari zimegombana, ingeweza kumlaza mzee sakafuni vibaya kuliko mwanzo.

Shangazi nimemwacha makusudi, kwa sababu hakukosea kwa kubahatisha. Ni kweli chumvi inashikilia maji mwilini na kuinua presha, na wapo wagonjwa wa kushuka presha ambao madaktari huwaongezea chumvi. Lakini hao ni wale ambao wakilala presha yao haiko juu. Baba yako akiketi tu ni 156. Chumvi ya Uvinza imelisha watu wa ukanda huu kwa karne nyingi na sina ugomvi nayo, ila ikae kwenye mboga, tena kidogo. Dagaa wakavu waliotiwa chumvi walowekwe, maji yamwagwe, ndipo wapikwe. Na wanaonong'ona habari za mkono wa mtu, sina cha kuwajibu.

Badala ya maji ya chumvi, mpe maji matupu. Glasi mbili, nusu lita hivi, akizinywa kwa mkupuo robo saa kabla ya kutoka kitandani, zinainua presha kwa dakika kadhaa, na ndizo dakika anazozihitaji. Mtungi mdogo na glasi vikae karibu na kitanda. Mchana anywe mara kwa mara bila kungoja kiu, apunguze baada ya magharibi. Kama amewahi kuambiwa moyo umechoka au figo zina tatizo, uliza kwanza kiasi. Kuhusu funga za Jumatatu na Alhamisi, ni sunna. Azisimamishe mpaka dawa zipangwe upya, kisha amuulize daktari.

Kutoka kitandani kuwe kwa awamu. Aketi ukingoni, miguu ichezwe juu chini kama anakanyaga cherehani, akunje na kukunjua ngumi, ahesabu taratibu mpaka dakika moja au mbili zipite, ndipo asimame akiwa ameshika kitu, na asipige hatua kabla kichwa hakijatulia. Kitanda nacho kiinuliwe upande wa kichwani kwa sentimita 10 hadi 20. Tofali za kuchoma chini ya miguu miwili ya kitanda zinatosha, mradi zikae imara. Mito mingi haifanyi kazi hiyo, inakunja shingo tu. Mwili ukiwa umeinama kidogo hivyo, figo hazitoi mkojo mwingi usiku na asubuhi presha haiporomoki sana.

Choo ndicho kinachonipa wasiwasi kuliko yote. Usiku asiende uani peke yake. Awe na kopo la kukojolea chumbani, na akojoe ameketi. Atakataa, najua. Mwambie ni mpaka hospitali wamalize kazi yao. Fundi seremala yeyote pale Ujiji anaweza kumtengenezea kiti chenye tundu cha kuweka juu ya shimo, na kipande cha bomba kilichopigiliwa ukutani kwa ajili ya kujishikia akiinuka. Maji ya kuoga yawe ya uvuguvugu, ya moto sana yanatanua mishipa, na aoge ameketi kwenye kigoda.

Utasikia pia habari za soksi za kubana. Zinasaidia zikifika mapajani, lakini kwa joto la Kigoma sijaona mzee anayezivumilia. Mkanda mpana wa tumboni unavumilika zaidi: unafungwa kabla ya kusimama, unafunguliwa akilala. Na dalili zikimjia akiwa popote, hata katikati ya soko, akae chini au achuchumae papo hapo, asione haya. Asipopata pa kukaa, apishanishe miguu na kubana mapaja na makalio kwa nguvu.

Lile paji lililochubuka lisisahaulike kwa sababu limepona. Kwa wazee damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu na dalili zikaonekana hata wiki kadhaa baadaye. Akianza kuumwa kichwa kisichoachia, kutapika, kusinzia isivyo kawaida, kuchanganya maneno au kuburuta mguu, ni hospitali siku hiyohiyo, usiku au mchana. Vivyo hivyo akizimia akiwa ameketi au amelala, moyo ukienda mbio au kuruka mapigo, kifua kikibana, mdomo ukipinda, au akipata choo cheusi tii, maana hapo huenda anavuja damu tumboni. Na akiwa na homa au kuharisha, kumbuka kwamba kizunguzungu kitamzidi; apimwe malaria mapema, na dawa ya kukojoa siku hizo muulize daktari kabla hajaimeza.

Nimebaki na swali lako la mwisho. Kumzuia siku ile ulifanya vema, mtu alikuwa ameanguka na paji lina damu. Kuendelea kumzuia ndiko kunakoleta ukimya huo ndani ya nyumba, na si lazima. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kusali ameketi, na baba yako anaijua ruhusa hiyo kuliko mimi na wewe. Tatizo ni kwamba ruhusa hiyo ikitoka kinywani mwa binti yake inasikika kama amri. Mwombe imamu wake, au mzee mwenzake wa safu ya mbele, aje amtembelee na wazungumze wenyewe barazani. Akishaonwa na daktari, na kizunguzungu kikiwa kimepungua, aende: anywe maji yake kwanza, mwanao mkubwa amshike kiwiko njiani, awe na kiti karibu na ukuta asali ameketi, na sijda aishirie kwa kuinama kidogo bila kushusha kichwa sakafuni. Akitoa salamu abaki kitini na nyuradi zake mpaka watu wapungue mlangoni. Asubuhi ambayo amepima na kuona imeshuka sana, asali chumbani. Kwa siku hizi za mwanzo, badala ya alfajiri msindikizeni kwa adhuhuri na alasiri kwanza, kabla ya kushiba, mwone anavyokwenda.